Nguo ya Binti na Macho ya Wengine

Ndugu msomaji, pande zetu za Bukoba na Muleba kuna maswali mawili ambayo binti wa Kiislamu hawezi kuyakwepa. Akijifunika ushungi mpaka mabegani ataulizwa: nani amekulazimisha? Akitoka kichwa wazi ataulizwa: nani amekuacha utoke hivyo? Yatazame vizuri maswali hayo, utaona yana mzizi mmoja. Yote mawili yanachukulia kwamba nyuma ya nguo ya binti yuko mtu mwingine, baba, kaka, mume, shehe au mwalimu, na kwamba yeye mwenyewe ni kamba tu ya kuanikia. Kaka yake anayepita Kashai na suruali iliyoshuka chini ya kiuno haulizwi na mtu. Husemwa ni ujana, utapita.

Mimi nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Nimezaliwa Mwislamu, nikakulia katika kibanja kilichopakana na cha baba mdogo Mkatoliki, na migomba yetu ilichanganyika hata watoto hatukujua mpaka unapita wapi. Kwa hiyo ninalolisema hapa silisemi kama mtu aliyesimama barabarani akitazama harusi ya wenzake. Nataka kujiuliza jambo moja: ni lini nguo aliyovaa mtu inakuwa yake mwenyewe?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Uislamu ulitufikia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro, kule Karagwe, na pia kwa njia ya Buganda. Wamisionari Wakatoliki walijenga Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wakaja baadaye. Matokeo yake ni kwamba ukoo mmoja una majina ya kila namna, na msibani padre na shehe hukaa mkeka mmoja wakisubiri zamu. Katika hali hiyo watu walitambuanaje? Si kwa nguo. Kanzu, ambayo mahali pengine ni alama ya Mwislamu, kwetu ilivaliwa na wazee wa dini zote, kama ilivyo Buganda. Bibi yangu alisali sala tano na kufunga Ramadhani maisha yake yote, lakini baibui hakuwahi kuwa nalo. Alivaa kitenge, akajitanda kanga, akafunga kitambaa kichwani kama walivyofunga wanawake wenzake waliokwenda kanisani. Alama yetu ilikuwa kisu. Palipokuwa na sherehe, jirani Mkristo alituma mtoto aje kumwita babu achinje mbuzi, ili wote wale. Mtu aliyetaka kujua kama nyumba ni ya Waislamu aliuliza nani anachinja. Hakuangalia kichwa cha mwanamke.

Leo mzigo huo wa utambulisho umehama kutoka mkononi mwa mwanamume mwenye kisu ukatua kichwani mwa binti. Hilo ni badiliko kubwa, na nashangaa kwamba tunalizungumza kana kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo.

Wapo wanaosema kwamba hijabu ni nguo ya kigeni, binti wa Kihaya arudi kwenye asili. Huwa nauliza: asili ipi? Mababu zetu walivaa nguo za magome ya mti na wanawake walivaa nyuzi za majani. Kitenge tunachokiita chetu kimetokana na batiki za Java zilizoigwa na viwanda vya Uholanzi. Gomesi tunayoiona kwenye harusi ilianzia Gayaza, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lililobaki kwenye nguo ni la fundi Mgoa. Kama tutavua kila kilichokuja kwa meli au kwa kuvuka mpaka, tutabaki na aibu kubwa siku ya Jumapili na siku ya Ijumaa pia.

Lakini pia siwaungi mkono wale wanaojibu kwa kusema kwamba mila yetu nayo ilikuwa ikifunika, maana bibi harusi alipelekwa kwa mumewe akiwa amefunikwa gubigubi, na kwa hiyo hijabu ni yetu tangu zamani. Hiyo ni hoja ya kubembeleza. Bibi harusi alifunikwa kwa safari moja, na alipofika alifunuliwa. Mwenye kuvaa hijabu kwa ajili ya dini hahitaji cheti kutoka kwa mila, na mwenye kuikataa hahitaji kibali cha mila pia.

Jambo zito zaidi, ambalo wageni hawalijui na sisi wenyewe hatupendi kulitaja, ni kwamba mwili wa mwanamke wa Kihaya umekuwa ukisemwa kwa muda mrefu. Zama za ukoloni wanawake wengi wa Bukoba waliziacha ndoa zilizowashinda, wakapanda meli kwenda Kampala na wengine wakafika Nairobi, mtaa wa Pumwani. Baadhi yao waliishi kwa kuuza miili, na fedha waliyoipata ilirudi nyumbani kununua vibanja na kusomesha wadogo zao. Fedha ilipokelewa. Jina baya likaachwa kwa wanawake wote, hata waliokuwa hawajazaliwa.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu, miaka minne tu baada ya vita vya Kagera. Wakati huo hapakuwa na aliyejua ni nini. Watu waliuita Juliana. Juliana lilikuwa jina la nguo, zile zilizoingizwa kwa magendo kutoka Uganda, zikapendwa mno na vijana, na masimulizi yakawa kwamba wasichana wasio na fedha walizipata kwa njia nyingine. Nilikuwa mwalimu kijana Muleba wakati huo, na nakumbuka jinsi nguo yenye maua ilivyotosha kumfanya msichana atazamwe kama maiti anayetembea. Ndugu msomaji, fikiri jambo hili: kifo kilikuwa kikipita kijijini, kikiua wafanyabiashara, madereva, askari, walimu, wake na waume, na sisi tukakipa jina la nguo ya msichana.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu ya mazungumzo niliyokuwa nayo na binti mmoja wa ndugu yangu aliyekwenda kusoma Dar es Salaam. Nyumbani hakuwa mtu wa ushungi. Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa amejitanda vizuri, mikono mpaka kwenye vifundo. Mama yake alifurahi, shehe wa mtaa alifurahi. Mimi nilimwuliza tukiwa wawili tukimenya ndizi.

"Shangazi," akasema, "kule nikisema natoka Bukoba, wanaume wanacheka kabla sijamaliza sentensi. Nikijifunika hawacheki."

Sikumjibu upesi. Je, hiyo ni ibada? Wanachuoni wanatufundisha kwamba kitendo hupimwa kwa nia, na nia yake kwa siku ile haikuwa Mwenyezi Mungu, ilikuwa kuepuka mizaha ya kipuuzi. Lakini sikuona kwamba alikuwa mnafiki. Aliona kwamba heshima inauzwa, akainunua kwa bei iliyopo sokoni. Kinachoniuma ni kwamba heshima ile ilikuwa yake tangu mwanzo. Hao waliokuwa wakicheka walimdai malipo ya kitu walichokuwa wamemwibia. Na tukimsifu binti huyo kwa stara yake bila kuwakemea wale, tunakuwa tumesaidia kukusanya kodi hiyo. Katika Sura ya An-Nur, kabla wanawake hawajaambiwa chochote kuhusu shungi zao, aya iliyotangulia inawaamuru wanaume wainamishe macho. Nimesikiliza mawaidha mengi katika umri wangu. Mengi yalianzia aya ya pili.

Anayedhani kwamba kufunika daima ni kufungwa asome historia ya Unguja. Kabla ya mwaka 1897, utumwa ulipopigwa marufuku kisheria huko, mtumwa wa kike alivaa kaniki au merikani, na kujifunika kichwa kama bibi zake lilikuwa jambo lililokatazwa kwake. Walipopata uhuru, wanawake hao walikimbilia kanga za rangi, na katika miaka iliyofuata wengi wakavaa baibui. Kwao kufunika kichwa kulikuwa tangazo: sina bwana. Na anayedhani kwamba kufunua daima ni uhuru, au kwamba ni dini peke yake inayopima sketi za watu, akumbuke Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze rasmi Januari 1, 1969. Wasichana wa Dar es Salaam walisumbuliwa mitaani kwa jina la utamaduni wa taifa. Waliokuwa wakiwakimbiza walikuwa vijana wa dini zote, na sababu yao haikuwa na shehe wala padre.

Ndiyo maana ninapoona serikali za mbali zikigombana juu ya kitambaa hiki, sioni pande mbili zinazopingana kama zinavyojisema. Ufaransa kwa sheria ya mwaka 2004 iliwaambia wasichana wavue vitambaa kwenye malango ya shule za serikali. Iran iliwalazimisha wanawake kuvivaa, na mwaka 2022 binti Mahsa Amini alifia mikononi mwa walinzi kwa sababu ya namna alivyokivaa. Mkono mmoja unavuta juu na mwingine unavuta chini. Kichwa ni kile kile. Jirani zetu wa Kenya nao walipelekana mahakamani kuhusu shule moja ya Isiolo: Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikawapa wasichana haki ya kuvaa hijabu, na Mahakama ya Juu mwaka 2019 ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Wasichana waliokuwa darasani kesi ilipoanza nadhani wengine walikwisha kuwa mama wa watoto.

Kwetu Tanzania siku hizi binti wa Kiislamu anakwenda shule ya serikali na hijabu yake, na watu wameshazoea. Haikuwa hivyo wakati wote wala kila mahali. Katika shule mojawapo niliyofundisha, ambayo sitaitaja, mkuu hakutaka kitambaa kichwani. Palikuwa na msichana wa darasa la saba aliyefika kila asubuhi amejitanda mpaka kwenye mgomba wa mwisho kabla ya lango. Hapo alivua, akakunja ule mtandio mara nne, akauweka ndani ya daftari la hesabu. Saa nane mchana aliutoa akaujitanda tena. Ulikuwa na mikunjo minne iliyonyooka kama imepigwa pasi. Walimu wenzangu walimcheka, wakisema ana sura mbili, ya baba yake na ya shule. Siku moja nilimwuliza kama haoni taabu.

"Mwalimu, taabu ipo," akanijibu. "Lakini nikivua sipungui, na nikivaa siongezeki. Ninyi ndio mnaobadilika."

Alikuwa na umri wa miaka 14. Nimesoma vitabu kadhaa vya maadili na sijaona mahali jambo hili limesemwa vizuri zaidi. Sisi watu wazima tulidhani mtoto yule amegawanyika, kumbe yeye alikuwa mtu mmoja anayepita kati ya wakubwa wawili waliogawanyika, na kila siku alikuwa akiwapatanisha kwa kukunja na kukunjua. Huo ndio utu uzima tunaoutaka kwa watoto, ila tulipouona tuliuita undumilakuwili.

Sitaki kupamba. Shinikizo lipo. Yupo binti anayeambiwa asipojifunika hataolewa, na yupo anayeambiwa akijifunika hataajiriwa hotelini. Wapo wanaovaa hijabu ya Ijumaa na suruali ya jinzi ya Jumamosi, na siwacheki, maana hata Mkatoliki ana shati la kanisani. Wapo watoto wa miaka mitano wanaofunikwa wasijue kwa nini, kama vile wanavyovalishwa viatu wasijue kwa nini. Mzazi ana haki ya kumlea mtoto wake kwa desturi anayoiamini, nami sioni dhambi hapo. Ugumu unakuja pale mtoto anapokuwa mtu mzima. Hapo mimi huacha kuuliza kama alichagua mwenyewe, kwa sababu hakuna anayechagua nguo akiwa peke yake duniani. Hata mimi nilichagua vitenge vyangu nikijua wakwe watasema nini. Swali langu ni hili: akibadili leo, atapoteza nini? Kama akivua kitambaa, au akikivaa, atapoteza ada ya shule, au kitanda nyumbani kwao, au sehemu yake ya urithi, basi nguo ile bado ina mwenyewe mwingine, hata kama yeye anatabasamu. Kama atapoteza tu maneno ya majirani, basi hiyo ni bei ya kawaida ya kuishi na watu.

Na hapo kwenye urithi ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mdogo wangu alifariki akaacha kibanja cha kahawa na migomba, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mkubwa wa mabinti ndiye yule niliyemenya naye ndizi. Miaka ilivyokwenda nia yake ilibadilika. Alianza kusoma kwa dhati, na kile alichokianza kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam akakiendeleza kwa ajili ya Mola wake. Sasa anavaa nikabu. Uso wake tunauona tukiwa ndani. Mimi binafsi nikabu siipendi. Napenda kuona uso wa mtu ninayeongea naye, na nimemwambia hivyo, naye akasema, "Shangazi, nimekusikia," kwa adabu zote, na akaendelea kuivaa. Mama yake, wifi yangu, alilia kwa sababu alipita naye sokoni asimjue mpaka alipoitwa. Kaka yangu mkubwa naye alichukia kwa namna yake. Alisema ushungi tuliufundishwa, lakini hili pazia ni la Waarabu, na kwamba binti akitaka kuja kibanjani na aje na uso wake. Kisha, kwa kuwa kaka ni mtu wa msikitini, alitoa hoja ndefu za dini kuonyesha kwamba nikabu si lazima. Alizitoa vizuri. Wanachuoni wengi wako upande wake.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwuliza, kwa sauti ya chini, "Baba mkubwa, na kibanja cha marehemu baba je?"

Kaka alijibu kwamba kibanja ni cha ukoo, kina omusika wake, yaani yule mtoto wa kiume, na kwamba mwanamke hachukui ardhi ya ukoo akaipeleka kwa mume.

Tafadhali msomaji, rudi nyuma usome tena. Kuhusu kipande cha kitambaa, mzee alihukumu kwa Kurani na wanachuoni. Kuhusu ekari za kahawa, alihukumu kwa mila ya Kihaya. Kama angebaki kwenye Kurani, Sura ya An-Nisaa inampa binti nusu ya fungu la mwanamume, na hakuna mwanachuoni anayelibishia hilo. Na kama angetaka sheria ya nchi, ilikwisha kusema hapa hapa Muleba. Mwanamke aliyeitwa Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, akaiuza mwaka 1988. Mpwa wake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi hiyo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume. Holaria hakuwa Mwislamu kwa ninavyofahamu, na sijui alivaa nini mahakamani. Hukumu haikutaja.

Nimefikiri sana kuhusu siku ile. Sidhani kaka yangu ni mtu mbaya. Ndiye aliyetulea baba alipokufa. Alikuwa amezoea tu kwamba mambo ya binti yanayojadiliwa ni yale yanayoonekana. Urefu wa nguo unaonekana kutoka barabarani. Sehemu ya urithi haionekani, haivuki lango na mtu, haimfanyi jirani anong'one. Nasi wanawake tumesaidia. Ni mara ngapi nimekaa vikao vya akina mama tukimjadili binti wa fulani, mitandio yake na suruali zake, kuanzia chai mpaka magharibi, na hata mmoja wetu asiulize kama jina lake limeandikwa mahali popote? Vijana wenyewe nao wameingia katika mchezo huo. Wenye nikabu wanawasuta wenye mitandio, wenye mitandio wanawaonea huruma wenye nikabu, na wote hawana hati ya shamba.

Wifi yangu siku hizi halii tena. Anasema amemjua mwanawe kwa mwendo, maana binti anatembea kama marehemu baba yake, bega moja mbele. Akimwona kwa mbali kwenye stendi ya mabasi anatoka dukani kumpokea mzigo. Kuhusu kibanja, kikao cha ukoo kimeitwa mara mbili na mara mbili kimeahirishwa. Mara zote mbili tulikaa tangu asubuhi. Mazungumzo yalianza na nikabu, yakaendelea na nikabu, na ilipofika saa ya kugusa ardhi wazee wakasema jua limezama. Kikao cha tatu kitakuwa baada ya msimu wa kahawa. Binti ameniomba nikae karibu naye, nami nimemwambia nitakuja na nakala ya ile hukumu.